Gita si kuni



Tunaandika kurasa hizi tukiwa na hasira kidogo, na tunaomba radhi tangu mwanzo. Katika mkutano wa shirika letu, siku ile ya kugawanya vichwa vya habari vya kitabu hiki, kila mmoja alisema atakachoandika. Huyu alichukua mahari, yule alichukua majina ya mapacha, mwingine alichukua mukanda. Zamu yetu ilipofika tulisema: «Sisi tutaandika juu ya gita ya zamani na ginsi ya kuirudishia sauti.» Watu walicheka. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akatikisa kichwa, akasema: «Mwalimu, mwanangu, kitabu yetu iko ya mila ya bankambo. Gita iko kintu ya Bazungu. Acha ile.» Na kijana mmoja aliyekaa nyuma yake akaongeza: «Tena ile gita yako ilishakufa, papa mwalimu. Upatie tu mama apikie bukari.»

Siku ile tulinyamaza, maana hatukulelewa kubishana na mzee mbele ya watu. Lakini kunyamaza si kukubali. Leo tunajibu. Tuliambiwa maneno mawili: la kwanza, kwamba gita si mila yetu; la pili, kwamba kitu cha bei ndogo kikivunjika kazi yake ni moto. Tunasema maneno yote mawili ni kosa moja, kosa la mtu asiyejua alicho nacho mkononi.

Gita yenyewe

Tuliinunua wakati wa kipwa, mwezi wa saba, ku soko la Kenya, kwa wale wanaotandaza vitu vya zamani chini: pasi, redio, viatu, sufuria bila mfuniko. Muuzaji alikuwa kijana. Alisema ilikuwa ya marehemu baba yake, mtumishi wa migodi, aliyekuwa anaipiga siku ya Mungu kisha misa. Aliomba dola 20. Tulitoa 12, na hata kwa 12 wapita njia walituangalia kama watu waliorogwa.

Tuseme kweli, haikuwa ya kupendeza. Uso wake, yaani ule ubao wa mbele, ulikuwa umepasuka kuanzia darajani mpaka chini, ufa wa kuingiza ukucha. Daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi, lilikuwa limeinuka nyuma, na mtu fulani alikuwa amelipigilia misumari minne. Funguo moja ya kukazia haikuwepo. Nyuzi tatu zilikuwa za waya wa freni ya kinga. Ndani, kikaratasi cha kiwanda kililiwa na mende, kikabaki paka kona moja bila jina. Mgongo na mbavu ni tripleksi, tena ya bei ndogo. Lakini ukichungulia ukingo wa lile tundu la katikati, unaona mistari ya ubao inapita kutoka juu mpaka chini bila tabaka. Maana yake uso si tripleksi, ni ubao mzima. Njo pale moyo wetu ulishikwa. Katika gita, uso ndio unaoimba. Mengine yote yanausaidia tu.

Mgeni ni nani?

Sasa tumjibu mzee wetu, kwa heshima yote. Gita ilitoka nje, hatukatai. Reli ilifika hapa, Élisabethville ya wakati ule, mwaka 1910, ikitoka kusini, kwa njia ya Rhodesia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa inatafuta mikono: Rhodesia ya Kaskazini, Maniema, Kasai, Rwanda na Burundi. Watu walikuja na lugha zao, na nguo zao, na nyimbo zao, wakakaa katika makambi, nyumba kwa nyumba. Kwa njia hizo hizo vitu vya dukani navyo vilikuja, na gita kati yao.

Lakini tumuulize mzee: Kiswahili tunachoandikia kitabu hiki cha mila kilitoka wapi? Bankambo wetu wa Bunkeya, wa Kasenga, wa Kaniama, walizaliwa wakikisema? Kiswahili ku Lubumbashi kilikua katika makambi yale yale, kati ya watu wale wale. Leo mama anamlaza mtoto kwa Kiswahili na hakuna anayemwambia «acha kintu ya bageni». Na bukari? Muhindi na muhogo, vyote viwili, vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na meli za Wareno. Nani atasimama katika mkutano wetu aseme bukari si chakula chetu? Atatoka bila kula.

Kwa hiyo swali la «ilitoka wapi» ni swali fupi. Swali refu ni hili: ilipofika, tuliifanya nini? Na hapa Katanga haina haya ya kujibu.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa Bayeke. Mwaka 1952, ku Jadotville, Likasi ya leo, Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi alimsikia akamrekodi. Kati ya nyimbo zile kuna «Masanga». Hakukuwa na bendi, hakukuwa na umeme: mtu mmoja, gita moja, vidole viwili vya mkono wa kuume. Dole gumba linatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, kidole cha pili kinacheza juu kama mtoto anayemzunguka, na sikio linaapa kwamba linasikia gita mbili. Mtu aliyekwisha kuona mpiga likembe anavyogawanya kazi kati ya dole gumba mbili hatashangaa sana. Gita ilikuja na sauti yake, mikono ya hapa ikaifundisha kusema kwa ginsi ya hapa.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na Losta Abelo. Kulikuwa na Edouard Masengo, aliyetoka katika JECOKE, wale vijana wachekeshaji wa komini Kenya, komini ile ile tuliponunulia gita yetu. Masengo na Mwenda walifika mpaka Nairobi, na wapiga gita wa kule walikaa chini kuwasikiliza. Kuanzia mwaka 1961 mtaalamu David Rycroft alichapa katika jarida African Music uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, noti kwa noti. Mwaka 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani. Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari ku Zambia. Sisi tulikuwa shule ya msingi.

Sasa tuhesabu. Sauti zile zilizorekodiwa zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika nyumba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, iliyoko leo katika chuo kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Noti zake zilichambuliwa na Mzungu. Vijana wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vile viwili wakiwa wamekaa vyumbani mwao. Na sisi, wenye mji, tunaambiana kwamba gita haiko yetu! Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, na tulipiga makofi wote, na mzee wetu alipiga makofi. Toa gita katika rumba, unabakia na nini? Haiwezekani chombo kiwe urithi kwa dunia nzima na kiwe kuni ku nyumba.

Dhambi yetu wenyewe

Tungependa kuishia hapo, tukiwa washindi. Lakini mwalimu asiyesema kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwingine.

Tuliponunua gita ile, hatukuitengeneza mara moja. Tulitoa waya za freni, tukafunga nyuzi mpya, tukaipeleka shuleni kwa kikundi cha muziki. Alikuwepo mwanafunzi mmoja, kijana wa Katuba, mpole, anayependa kukaa nyuma. Alichukua gita siku za Posho kama mtu anayebeba yai. Kila alipopiga karibu na mwili wa gita, sauti ilishuka. Anaikaza, inakuwa sawa ikiwa wazi. Anaweka kidole katikati ya shingo, inakuwa ya uongo. Majuma matatu vile. Siku moja, mbele ya wenzake, tulimwambia: «Weye hauna sikio. Jaribu ngoma.» Wenzake walicheka. Aliweka gita ku meza, polepole, na Posho iliyofuata hakuja. Na ile nyingine hakuja.

Miezi miwili baadaye tulikaa na gita ile kwa kazi ya kweli. Jambo la kwanza tulilofanya ni kupima kwa rula. Na hapa tunaomba msomaji atusikilize vizuri, maana ni hesabu ya shule ya msingi. Katika gita, kile chuma cha 12 ku shingo kinakaa katikati ya uzi: urefu kutoka juu ya shingo mpaka pale, na urefu kutoka pale mpaka darajani, ni sawasawa, na upande wa daraja unaongezewa milimita mbili ama tatu tu, juu uzi ukikandamizwa unanyooka kidogo. Upande wa juu tulikuta milimita 325. Upande wa daraja tulikuta 337. Yule mtu wa misumari minne alikuwa ameling'oa daraja, akalirudisha fasi isiyo yake, karibu sentimita moja chini zaidi. Na gita ambayo daraja lake liko pale haiwezi kuwa sawa, hata ikipigwa na Mwenda mwenyewe afufuke.

Mtoto alikuwa na sikio. Alikuwa anasikia kosa ambalo sisi, na diploma yetu ya ualimu, hatukulisikia. Tulilitupia kosa la rula juu ya mtoto.

Tulikwenda Katuba. Mama yake alitupatia kiti, akaita mtoto. Tulisema: «Mama, tulimukosea mutoto. Si yeye, ilikuwa gita.» Mama akanyamaza, kisha akauliza: «Kumbe, mwalimu, gita njo ilikuwa inasema bongo?» Njo vile, mama. Gita ilikuwa inasema bongo, na sisi tulikuwa mashahidi wake.

Tangu siku ile hatucheki tena tukisikia «gita ya bei ndogo». Gita mbaya haiharibu muziki tu. Inaharibu mtoto. Inamwambia kila siku kwamba yeye ndiye mbaya. Ni watoto wangapi katika mji huu waliambiwa hawana sikio, kumbe walikuwa na daraja la misumari? Wenzetu wanaosema «tupa» hawajui kwamba ile gita haitupwi: itauzwa tena, kwa mtoto mwingine, na daraja lake vile vile.

Kazi yenyewe

Tunaiandika kwa urefu kidogo, juu mtu akisoma aweze kujaribu. Haiko kazi ya uchawi.

Kwanza ni kaye na kalamu. Andika kila kipimo kabla ya kugusa kitu. Piga picha na telefone. Gonga uso na mgongo kwa kidole, polepole: fasi inayolia kama karatasi kavu, pale ndani kuna kipande kilichobanduka. Ingiza kioo kidogo na mwanga katika tundu, uangalie.

Pili ni maji. Watu wanashangaa hapa. Mji wetu uko juu, karibu metre 1,200, na kipwa chetu ni kikavu: tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi midomo yetu inapasuka, na mbao ni hivyo hivyo. Ubao ukikauka unasinyaa, ukisinyaa na umefungwa pande zote unapasuka. Kwa hiyo yule anayejaza ufa kwa kole wakati wa kipwa anafunga kidonda kikiwa wazi. Mvua ikija ubao utavimba na hautapata fasi. Sisi tuliweka sponji yenye maji kidogo katika mfuko wa plastiki wenye matundu, tukauingiza ndani ya gita, tukafunga gita katika mfuko mkubwa siku sita. Siku ya sita ufa wa kuingiza ukucha ulikuwa umebaki mstari kama unywele. Hatukuukaza kwa nguvu. Ulijifunga wenyewe.

Tatu ni kole. Kole nyeupe ya mbao inatosha, ile ya mafundi wa viti. Tuliisukuma katika ufa kwa kidole kutoka juu na kutoka ndani, tukapangusa iliyozidi kwa kitambaa chenye maji. Mpira wa ndani wa kinga, ukiukata vipande virefu, unafunga gita vizuri kuliko vyuma vya dukani, na hauachi alama. Ndani, chini ya ufa, tulibandika vibao vinne vidogo, vyembamba, mistari yao ikikatisha mistari ya uso, ili ufa usikimbie tena. Ile kole ngumu ya chupa mbili, inayokauka kama jiwe, tunaikataza kabisa. Siku gita itakapohitaji kufunguliwa tena, na itahitaji, ile kole itang'oka na ubao. Kutengeneza vizuri ni kumwachia njia fundi atakayekuja nyuma yako.

Nne ni daraja. Misumari tuliing'oa moja moja. Kisu chembamba tulikipasha moto juu ya mbabula, tukakipitisha chini ya daraja polepole, tukipumzika, mpaka kole ya zamani ikaachia. Tulikwangua pande zote mbili mpaka mbao ikaonekana. Matundu ya misumari tuliyaziba kwa vijiti na kole. Kisha rula, mara tatu, na kalamu, na daraja likarudi nyumbani kwake. Tuliliacha usiku na mchana mzima kabla ya kufunga uzi wowote.

Tano ni uzito. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta karibu kilo 70. Fikiria mtu mzima ananing'inia ku daraja la gita yako usiku na mchana, hata ukilala. Gita za bei kubwa zina mifupa ya ndani iliyopangwa kwa kukatisha ili kubeba uzito ule. Zetu zina vijiti vilivyolala tu kama ngazi. Njo maana madaraja yao yanainuka, na fundi anakimbilia misumari. Dawa ni kuhamisha uzito: kipande cha chuma chembamba, kimekatwa na kukunjwa, kinafungwa ku mwisho wa chini wa gita, na nyuzi zinashikwa pale. Daraja linabaki na kazi ya kukanyagwa tu. Na ukifunga nyuzi nyembamba, kilo zinapungua tena.

Sita ni mfupa. Fasi mbili ambapo uzi unakanyaga, juu ya shingo na juu ya daraja, zilikuwa plastiki iliyooza. Tulikwenda kwa wauza nyama, tukaomba mfupa wa ng'ombe, tukauchemsha, tukaukausha, tukaukata kwa msumeno na kuusugua kwa tupa. Nyuzi zilizokuwa juu ya shingo milimita 9 pale ku chuma cha 12, kiasi cha kukata vidole vya mtoto, zilishuka mpaka 3.

Hesabu: nyuzi dola 7, kole dola 2, chuma na funguo moja ya zamani dola 3. Jumla 12, bei ile ile tuliyonunulia. Kwa dola 24 tuna gita inayosema kweli.

Kwa wengine wanaotupinga

Wako wanaosema: nunua mpya. Tunawauliza: na nani? Mwalimu? Mzazi anayelipa masomo ya watoto sita? Tena gita mpya za bei ndogo zinazofika hapa, uso wake ni tripleksi, na kipwa kimoja kinatosha kukunja shingo yake. Wako wanaosema: wakati wa gita umepita, leo ni kinanda cha umeme. Vizuri. Umeme ukikatika, ibada inaendelea na nini?

Wako wanaosema hapa hakuna mafundi wala mbao. Hili linatuumiza zaidi. Katika miaka ya 2010 malori yalitoka katika misitu yetu ya Haut-Katanga yamejaa magogo ya mukula, yakapita Zambia, yakaenda China, mpaka mwaka 2019 mti ule ukaandikwa katika orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake inalindwa. Mbao ya kujenga viti vya matajiri wa ng'ambo ilikuwepo. Mbao ya upana wa vidole viwili, ya daraja la gita, inakosekana? Hatuombi mti ukatwe. Kipande kinachotupwa chini katika atelye ya viti kinatosha. Na mafundi? Nenda ukaangalie vijana wa karindula: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, mti wa shingo, nyuzi nne, na mtaa mzima unacheza. Mwenye akili ya kufunga ngozi juu ya pipa mpaka ikaimba hatashindwa na daraja.

Wako wengine, wasomi wenzetu, wanaopenda gita ya zamani kwa kuitundika ku ukuta wa saluni, juu ya televisheni. Hawa wanasema kuitengeneza ni kuharibu kumbukumbu. Kwao tunakubali nusu. Ni kweli, usifute alama zote. Sisi ile misumari minne tumeiweka katika bahasha, na vipimo vya zamani viko katika kaye, ili atakayetaka kujua gita ilivyoteswa ajue. Ikiwa gita ilikuwa ya mtu mkubwa, ipelekwe ku makumbusho. Lakini gita ya yule mtumishi wa migodi haikununuliwa kwa ukuta. Ilinunuliwa kwa siku ya Mungu kisha misa.

Na hata kijana wa kuni hatumnyimi ukweli wake kidogo. Ziko gita zilizokufa kweli: mchwa umekula shingo, maji yamefungua mgongo. Lakini hata ile ina funguo sita, ina mfupa, ina vyuma vya shingo. Itoe viungo, iponye nyingine. Ndipo kilichobaki uwape mbabula.

Msomaji atuambie kama gita ya bei ndogo ni aibu. Gita ya kwanza aliyojulikana nayo John Lennon, kijana wa Liverpool, ile aliyopiga mwaka 1957 siku aliyokutana na Paul McCartney, ilikuwa Gallotone, gita ya bei ndogo iliyotengenezwa Afrika ya Kusini. Ndani yake kikaratasi kiliahidi kwamba haitapasuka. Mwaka 1999 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni 100,000. Tofauti ya gita ile na ya soko la Kenya ni kwamba ile kuna watu waliokumbuka ni ya nani.

Tunachoomba

Hatuombi falanga za serikali, wala hatuombi mradi. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila mwenye gita ya baba ama ya yaya yake iliyolala juu ya kabati aishushe, aiondoe nyuzi, aifunike na kipwa. La pili, mtu yeyote anayetaka kurudisha daraja, apime kwanza. Rula ni bei ya mkate. La tatu, sisi walimu, kabla ya kumwambia mtoto kwamba hana sikio, tupime gita.

Yule kijana wa Katuba alirudi. Hatutasema amekuwa Mwenda. Dole gumba lake bado linachelewa. Lakini Posho iliyopita aliweka kidole ku chuma cha 12, akapiga, akasikiliza, akapiga uzi wazi, akasikiliza tena. Zilikuwa moja. Akatuangalia, hakusema kitu. Sisi pia hatukuwa na la kusema.

Mzee wetu wa mkutano hajabadili mawazo, na ni haki yake. Tunamwalika hapa, mbele ya wasomaji wote: muzee, njoo Posho moja, tutakupatia kiti kizuri. Usikilize vile vidole viwili, halafu utuambie kama unasikia Bazungu.